Soma Ganda Kabla ya Kulitupa

Alhamisi iliyopita nilirudisha kadi ya kazi, fulana tatu za klabu, viatu vizito na vile vikinga masikio vilivyoniachia alama mbili kichwani. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya ibada hata kwa sisi Wakristo, nilikwenda kanisani kumshukuru Mungu. Jumamosi, kabla sijafunga hata sanduku la kwanza, Kevo wa zamu ya asubuhi akatuma ujumbe kwenye kundi la ghala: "Mama, hizi maganda za surplus zimejaa huku. Tuziuze skrepu ama tuweke? Mudir mpya anauliza."

Nilianza kumjibu kwa kidole kimoja, nikaona jibu linazidi kuwa refu na kidole kinachoka. Kwa hiyo naandika hapa Al Thumama, mtaa wa Doha karibu na uwanja wa ndege, kwenye meza ya mpwa wangu Mutheu, ambaye ni nesi na hushinda hospitalini. Ndege zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine, na moja wiki ijayo ni yangu. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo mara ngapi au nililipwa kiasi gani atasubiri sana. Naandika juu ya maganda.

Nianze na wasioijua kazi yetu. Risasi ikifyatuliwa, kichwa chake huenda kwenye shabaha, na ganda lake la shaba hubaki likatemwa pembeni mwa bunduki likiwa la moto. Klabu yetu ya kulenga shabaha iko jangwani, kaskazini mwa Lusail, na kila wiki maganda hujaa ndoo kwa ndoo. Mengi ni ya risasi kuukuu, zile ambazo jeshi la nchi fulani lilichoka kuzitunza likaziuza kwa makreti. Hizo ndizo tunazoziita za surplus. Wanachama wanazipenda kwa sababu wanapenda bunduki za zamani, na bunduki ya zamani hula chakula cha zamani.

Nilifika klabuni nikiwa na miaka arobaini na saba. Kabla ya hapo nilikuwa nimetumikia stoo ya jeshi nyumbani Kenya kwa miaka kumi na minane, halafu nikaja Doha kuwa mlinzi kwenye jengo moja refu la West Bay. Kazi yangu pale ilikuwa kuwabonyezea kitufe cha lifti watu wenye vidole vyao kamili. Siku wakala alipouliza ni nani kati yetu wanawake amewahi kushika bunduki, maana klabu ilitaka mhudumu wa siku ya akina mama, niliinua mkono kabla hajamaliza kusema. Sikudanganya. Bunduki nilizishika nyingi sana. Nilizipanga, nikazipaka mafuta, nikazitolea hesabu. Kuzifyatua ndiko kulikokuwa kwa nadra, lakini hakuniuliza hilo.

Siku ya kwanza, saa moja na nusu asubuhi, ganda la moto liliruka kutoka kwenye bunduki ya bibi mmoja likaingia ndani ya kola yangu. Nilicheza ngoma ambayo Ukambani haijawahi kuchezwa. Akina mama wote walishusha bunduki wakanitazama, na nyuma yangu sauti kavu ya mwanamume ikasema, "Kola. Funga kola, Mama."

Huyo alikuwa Ustadh Rahmat, fundi bunduki wa klabu, mzee mwembamba wa Peshawar aliyepaka ndevu zake hina na kunywa chai yenye sukari ya kutosha watu watatu. Alikuwa ametengeneza bunduki za jeshi la kwao maisha yake yote. Mimi na yeye tulizungumza Kiarabu cha kazini, kile kisicho na sarufi wala aibu, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili na yanapendeza kuliko yalivyotoka.

Alinipa ufagio, ndoo na amri tatu. Usiokote ganda mpaka bendera nyekundu iteremshwe. Kila ganda litazame mdomo kwanza, kisha kitako, kwa sababu kati ya maganda mia lipo moja ambalo si ganda, ni risasi nzima iliyogoma kufyatuka, nayo haisamehe. Ya tatu: usitie ganda mfukoni hata kama ni zuri, maana mfuko ni mahali pa kusahau. Amri hizi bado zipo, vijana. Hazijapungua hata moja kwa sababu mmepata mashine ya kufagia.

Sasa niseme kosa langu, maana kila mtu kazini ana kosa lililomtengeneza. Ustadh alikuwa na ndoo yake ya maganda mazuri ya kisasa, aliyokuwa akiyajaza upya kwa ajili ya mashindano: fataki mpya kitakoni ya kuwasha moto, baruti mpya, kichwa kipya. Yalikuwa yamefifia kwa moshi. Sisi tuliopitia kambini tuna ugonjwa mmoja. Kitu cha shaba kisipong'aa, mikono inatuwasha. Miaka kumi na minane nilisugua bizimu za mikanda kwa ile dawa ya maji yenye harufu ya kuchoma pua, mpaka koplo ajione meno. Basi alasiri moja, Ustadh akiwa msikitini, nilichukua kitambaa na dawa ile ile, nikaisugua ndoo nzima. Yaling'aa kama vikombe vya harusi. Niliyapanga mezani kwa safu, nikakaa kusubiri sifa.

Ustadh aliingia, akasimama, akanusa. Alichukua ganda moja akalisogeza puani, akalirudisha. Kisha akaiinua meza upande mmoja, safu zangu zote zikamwagika kwenye pipa la skrepu.

"Umeosha na amonia," alisema. "Amonia ni adui wa shaba. Leo linang'aa, kesho linapasuka."

Nilikasirika. Nilimwambia katika jeshi letu tumesugua shaba hivyo tangu enzi za mkoloni na hakuna mkanda uliopasuka. Akanijibu kwamba mkanda haubebi moto tumboni. Kisha, kwa kuwa aliniona bado nimenuna, alichukua maganda kumi kati ya yale niliyoyasugua, akayatia vichwa vya risasi mdomoni bila baruti wala fataki, akayaweka kwenye chupa ya achari pamoja na kitambaa chenye dawa, akafunga kifuniko. Chupa ilikaa dirishani siku arobaini. Siku aliyoifungua alinipa kioo chake cha kukuzia akaniambia nitazame shingo, pale ganda linapokibana kichwa cha risasi. Kulikuwa na nyufa. Nyembamba kama unywele, zimesimama wima, kwenye maganda saba kati ya kumi. Hakuna aliyeyagusa. Yalipasuka yenyewe, kimya kimya, dirishani.

Tangu siku hiyo niliacha kununa, nikaanza kujifunza.

Swali la Kevo nilimwuliza Ustadh mwaka wangu wa kwanza. Maganda ya surplus, je? Alichukua moja akanionyesha ndani kwa tochi. Ganda la kisasa lina tundu moja katikati ya kitako, na fataki iliyokwisha husukumwa nje kwa sindano moja, kazi ya kufumba na kufumbua. La surplus mara nyingi lina matundu mawili madogo yaliyokaa pembeni, na sindano haina pa kupita. Kuling'oa fataki ni kazi ya kumtoa konokono kombeni. Mengine si shaba hata kidogo, ni chuma kilichopakwa rangi, sumaku itakuambia. Mengine fataki zake zina chumvi inayokula mtutu usipouosha siku ile ile. Kwa ufupi, kwa kujaza upya hayafai. Muda utakaopoteza ni mwingi kuliko ganda utakalopata.

"Basi ni takataka," nikasema.

"Kwa anayetaka kujaza, takataka," alisema Ustadh. "Lakini bunduki haisemi, Mama. Ikiumwa, utajulia wapi?"

Ndipo akanifungulia kabati lake. Ndani kulikuwa na vikopo vya laban, maziwa ya mgando ya huku, vile vya plastiki, vimeoshwa na kupangwa. Kila kreti jipya lilipofunguliwa, alichukua maganda matano kutoka kila bunduki iliyolipiga, akayatia kikopo kimoja, akaandika juu kwa kalamu ya wino mzito: muhuri wa kreti, namba ya bunduki, tarehe. Yaliyobaki yakaenda skrepu. Ganda linaonyesha kama chemba, pale risasi inapokaa, imelegea, kama sindano ya bunduki inapiga pembeni, kama risasi yenyewe imezeeka. Kitako kikibonyea vibaya, anajua bunduki gani ya kuiita mezani. Nilikunywa laban nyingi sana kwa ajili ya kazi hiyo, na tumbo langu halijawahi kumshukuru.

Ustadh alipostaafu kurudi Peshawar, aliniachia kioo na kabati. Mahali pake akaja Okello, Mganda wa Tororo, aliyetengeneza silaha jeshini kwao. Mtu mpole, mwenye vidole vinene vinavyofanya kazi ya vidole vyembamba. Alinisalimu, "Shikamoo afande," nikamwambia sijawahi kuwa afande wa mtu, nilikuwa stoo. Hakujali. Tulifanya kazi pamoja miaka mitano na sikumwona hata mara moja akifunga bunduki bila kuipima. Vijana wa zamu waliniita Mama Maganda, na si kwa heshima. Mudir Fawzi, aliyekuwa meneja wetu, alipita kila mwezi akavitazama vikopo vyangu kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni. "Mama, hii ghala au jikoni?" Nilimjibu kwamba jikoni kwangu ni safi zaidi. Mwishowe nilihamishwa na vikopo vyangu hadi chini ya ngazi.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikienda tangu mwanzo.

Mwaka jana mwezi wa Agosti kiyoyozi cha ghala la risasi kiliharibika. Risasi hazipendi joto, na vipuri vilichelewa, kwa hiyo Mudir Fawzi akaamuru sehemu ya makreti ya surplus ihamishiwe stoo ya upande wa pili wa uwanja. Stoo ile ilikuwa na kiyoyozi, kufuli mbili na mlinzi. Ilikuwa pia ukuta kwa ukuta na banda la farasi. Makreti yalikaa huko wiki nane, yakarudi, na hakuna aliyewaza zaidi. Mimi mwenyewe niliyapokea nikayatilia alama ya mahali yalikokuwa, kwa mazoea ya stoo tu.

Mwishoni mwa Novemba, Jumatano asubuhi, Bu Nasser alikuwa akilenga kwa bunduki namba kumi na nne. Huyu ni mzee Mqatari, mwanachama tangu klabu ilipoanza, mtu wa maneno machache. Risasi ya nne ililia vibaya. Mtu aliyezoea uwanja anajua: mlio ulipasuka badala ya kupiga. Gesi ilirudi nyuma, kitako cha mbao kikapata ufa, na Bu Nasser akaanguka ubavu damu ikimtoka shavuni. Miwani ya kazi iliokoa jicho. Ganda lilipotolewa lilikuwa limechanika kutoka shingoni mpaka karibu na kitako.

Namba kumi na nne ilikuwa imetoka mezani kwa Okello siku moja kabla.

Adhuhuri ile Mudir alimnyang'anya Okello ufunguo wa ghala mbele yetu sote. Alisema bolti, lile komeo linaloifunga risasi ndani, haikufungwa sawasawa, ni uzembe, Jumapili kutakuwa na kikao, na baada ya kikao kuna tiketi ya kwenda nyumbani. Tena ingeandikwa kwenye karatasi zake, ili klabu nyingine yoyote ikisoma imjue. Okello hakubisha. Nilimkuta kwenye kivuli cha kontena, amekaa juu ya ndoo, mikono imelala magotini.

"Afande, mimi nimekwisha," alisema. "Lakini hii kitu ya kuondoka, hiyo si neno. Hii ya kuitwa mzembe. Mimi nilipima hiyo bolti mara tatu. Sasa najiuliza, labda nilipima mbili."

Neno lile lilinichoma. Fundi akianza kujitilia shaka kwa jambo ambalo hakulifanya, anaharibika mbele ya macho yako. Nilimwambia, "Okello, wewe ulipima mara tatu. Wacha niangalie vikopo."

Ijumaa ile sikwenda kanisani. Mungu anajua nilikokuwa. Nilivitoa vikopo vya namba kumi na nne vyote chini ya ngazi, nikatandaza shuka jeupe karibu na dirisha, nikaanza na vya zamani. Safi. Vya masika, safi. Vitako vimebonyea katikati, shingo nzima, bunduki yenye afya. Nikafika kwenye kikopo cha Novemba. Shingoni mwa ganda la kwanza kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umesimama wima. La tatu, ufa. La nne, ufa.

Nilikaa chini. Kikopo kile kilikuwa cha wiki mbili kabla ya ajali. Maganda yale niliyaokota mimi, nikayatia mimi, nikaandika tarehe mimi, na kioo kilikuwa mfukoni mwangu. Sikuyasoma. Nilikuwa nimekaribia kustaafu, macho yamechoka, na nilikuwa nimegeuka mtu wa kujaza vikopo tu. Ningeyatazama dakika mbili, Bu Nasser asingeumia na Okello asingekaa juu ya ndoo. Ninaliandika hili waziwazi kwa sababu ndilo somo lenyewe, na kwa sababu liliniuma na bado linauma.

Niliiacha aibu ikae kando, nikaendelea. Kama kosa ni la bunduki namba kumi na nne, basi bunduki nyingine zingekuwa safi. Nikafungua vikopo vya namba saba na namba ishirini, makreti yale yale ya Novemba, yenye alama yangu ya stoo ya upande wa pili. Nyufa. Bunduki tatu tofauti, zilizosafishwa siku tofauti. Nikapumua. Kisha nikatafuta makreti mengine yenye muhuri ule ule, yale ambayo hayakuhamishwa Agosti. Maganda yake yalikuwa safi kabisa. Risasi za kiwanda kimoja, za mwaka mmoja: yaliyobaki nyumbani mazima, yaliyotembea yamepasuka.

Jumamosi asubuhi nilimchukua Okello mpaka ile stoo ya upande wa pili. Mlinzi alitufungulia, tukasimama ndani, mlango ukafungwa. Hatukuhitaji kioo wala tochi. Mkojo wa farasi ulipenya ukutani na ile harufu ilinipiga puani nikaijua papo hapo, ile ile ya kitambaa changu cha bizimu: amonia. Wiki nane, joto la Agosti na unyevu. Nilimweleza Okello habari ya chupa ya achari, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nikamwona akinyoosha mgongo.

"Sasa utasema?" aliniuliza. "Ni Mudir ndiye alisema tuhamishe."

Ndiyo, nilijua. Nilikuwa nimebakiza miezi michache na yule mtu ndiye angetia sahihi karatasi zangu za mwisho. Nilimwambia Okello kwamba nimeishi miaka hamsini na tisa bila kuogopa sahihi, na huo ulikuwa uongo mtupu. Lakini makreti mengine ya kutoka stoo ile yalikuwa bado ghalani, na Jumanne ilikuwa siku ya akina mama. Niliyafungia kando nikabandika karatasi: YASIGUSWE. Sikumwomba mtu ruhusa.

Jumapili kikao kilikuwa saa tatu. Mudir Fawzi alikaa kichwani mwa meza na faili. Bu Nasser alikuja mwenyewe, plasta shavuni, akaketi pembeni. Okello alisimama. Mimi nilikuwa nimeitwa kutoa ushahidi wa nani alipokea bunduki saa ngapi, basi. Nilipoingia na shuka jeupe kwapani, kikapu cha vikopo mkononi na kreti moja la stoo ya farasi likisukumwa nyuma yangu na Kevo kwenye mkokoteni, Mudir alinyanyua mikono.

"Mama, khalas, imetosha! Hapa si soko."

"Dakika tano, Mudir," nikasema. "Zikipita, nifukuze pamoja naye."

Nilitandaza shuka juu ya faili lake. Nikamwaga kikopo kwa kikopo, kila kundi na karatasi yake: namba kumi na nne ya zamani, namba kumi na nne ya Novemba, saba, ishirini, makreti yaliyokaa nyumbani, makreti yaliyohamishwa. Kioo nikampa Mudir. Alikiweka mezani. Bu Nasser akanyoosha mkono, akakichukua yeye, akasogea dirishani na ganda moja. Akarudi akachukua jingine. Akafanya hivyo mara sita na chumba kizima kikimsubiri.

"Nani aliyeweka haya?" aliuliza.

"Mimi."

"Na uliona lini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Ijumaa, Bu Nasser. Ningeyaona wiki mbili kabla kama ningetazama. Sikutazama. Jeraha lako sehemu yake ni yangu. Lakini si la Okello."

Mudir alisema nyufa zinaweza kuletwa na bunduki mbovu tatu kama zinavyoletwa na moja, na zote tatu anazitunza mtu mmoja. Lilikuwa neno la akili, namkubali. Nilikuwa nimelitarajia. "Vizuri," nikasema. "Basi tuzitazame ambazo hazijaonana na bunduki yoyote." Nikamwomba Okello afungue kreti.

Lilikuwa bado na lakiri yake. Okello alikata waya, akainua mbao, akatoa pakiti ya karatasi ya nta. Alimpa Bu Nasser risasi moja baada ya nyingine, nzima, hazijapigwa, hazijaingia kwenye chemba yoyote duniani tangu zitoke kiwandani. Ya kwanza, mzee akatikisa kichwa. Ya pili, akatikisa. Ya tatu akaishika kwenye mwanga muda mrefu, akaisogeza karibu na kioo. Kisha akamwita Mudir kwa kidole.

"Tazama shingo."

Mudir Fawzi alitazama. Nilimwona usoni alipoiona. Akachukua ya nne mwenyewe, bila kuambiwa, na ya tano. Alipoweka kioo chini aliniuliza kwa sauti ndogo, "Farasi?"

"Farasi," nikasema.

Nitampa haki yake, kwa sababu wengi katika nafasi yake wangetafuta mtu mwingine wa kumtwisha. Alisema mbele ya wote, "Mimi ndiye niliyeagiza zihamishwe. Sikuuliza kuna nini nyuma ya ukuta." Kisha akatoa ufunguo wa ghala kwenye mfuko wa kanzu, akautelezesha juu ya shuka langu, katikati ya maganda, mpaka kwa Okello. Bu Nasser aligonga meza mara moja kwa kiganja, akasema, "Yalla, kazini," na kikao kikaisha.

Makreti yote ya stoo ile yaliharibiwa kwa utaratibu, chini ya macho ya wenye mamlaka. Vikopo vilitoka chini ya ngazi vikapewa kabati la kioo lenye taa, na Mudir mwenyewe alikuja kila Alhamisi kukagua kama nimesoma. Miezi yangu ya mwisho niliifanya kwa kiburi, sifichi. Waliokuwa wakiniita Mama Maganda kwa kunicheka waliendelea kuniita hivyo hivyo, ila sasa waliniletea vikopo vya laban vimeoshwa.

Basi Kevo, jibu lako. Ya kujaza upya, hapana, usijisumbue. Ndoo zote ziende skrepu. Lakini matano kwa kila kreti na kila bunduki yabaki, yaandikwe, na yasomwe siku ile ile kwa kioo, mdomo, shingo, kitako. Ganda usilolisoma halina tofauti na lile ulilolitupa. Mwambie hivyo Mudir mpya, na akikuuliza nani kasema, mwonyeshe kabati.

Na ukitaka kujua mshahara wangu ulikuwa nini katika kazi hii, ni dakika kumi za Jumapili ile. Tulipotoka kikaoni Okello alisimama kwenye ngazi za ghala, ufunguo mkononi, akampigia simu mkewe Rose kule Tororo. Alifungua mdomo, akafunga, akanipa simu mimi. Nikamwambia, "Rose, ni Mama wa huku Doha. Mume wako hana kosa. Limesemwa mbele ya watu wote. Anabaki kazini." Halafu Rose akapiga vigelegele, kimoja kirefu, na nyuma yake nikasikia sauti za wanawake wengine wakitoka majumbani mwao na kupokea. Mimi nami nikajibu. Mwanamke mzima, fulana ya kazi, viatu vizito, mlangoni mwa ghala la risasi, nikapiga vigelegele kwa pumzi yote niliyokuwa nayo, mpaka wanachama uwanjani wakashusha bunduki na bendera nyekundu ikateremshwa, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuniambia ninyamaze.